Machozi ya Utani Yalivyopanda Jukwaani

Niliikata ile picha. Kosa langu ni hilo, na nalisema mwanzo kabisa ili anayesoma kwa kuruka-ruka aende zake akijua. Kupiga picha halikuwa kosa, kila mtu anapiga. Kosa ni kukata. Upande wa kulia walikuwepo wanawake wanacheka, mmoja kaegemea ukuta kashika tumbo, na shangazi yangu mdomo wazi umejaa ubwabwa. Nikaona wananiharibia picha. Nikawakata. Akabaki mama yangu peke yake, kakaa chini, kavaa koti kuukuu la mwanaume, kakumbatia ndoo tupu, uso umelowa machozi, anapiga yowe. Nikaandika chini yake: "Maji yakikatika Newala." Nikaiweka stetasi ya WhatsApp, nikatia simu mfukoni, nikaenda kuchukua sahani yangu.

Tulikuwa msibani, Makote. Aliyekufa alikuwa mzee mwenye mikorosho mingi na kisima cha mvua kikubwa kuliko vyote kijijini, shimo la saruji linalokinga maji yote yanayotoka kwenye bati la nyumba yake. Mfuniko wa chuma, na juu ya mfuniko kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni. Kiangazi ukienda kumwomba dumu la maji, anakuuliza kwanza lile la mwaka jana ulilifanyia nini. Anakupa, lakini mpaka umeeleza.

Ukoo wa mzee huyo na ukoo wa mama yangu ni watani. Simaanishi utani wangu mimi, ule wa kumwekea mwalimu wa hesabu chaki iliyolowa. Mtani msibani ana kazi. Wafiwa wakilia, yeye anamwigiza marehemu. Anavaa nguo zake, anaongea kwa sauti yake, anautangaza ubahili wake mbele ya watoto wake, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mama ni Mmakua wa upande wa Masasi, Mkristo wa kuimba kwaya. Mzee alikuwa Mmakonde, Mwislamu wa safu ya mbele. Utani hauulizi hayo. Nyumba ile mtani wao mkuu ni mama, na kabla yake alikuwa bibi.

Basi siku ile, wakati maiti anaoshwa ndani, mama alitoka na koti la marehemu, akaenda kukaa juu ya mfuniko wa kisima, akashika ndoo na kuanza kulia kwa sauti ya mzee:

"Nani kafungua? Nani kafungua kufuli langu? Mnaniosha kwa ndoo nzima! Mimi ni maiti gani wa ndoo nzima? Kikombe kingenitosha! Nyie watoto, mkimaliza, hayo ya kuoshea nimwagilieni mchicha!"

Binti mkubwa wa marehemu alikuwa analia tangu asubuhi hata chai hanywi. Alicheka mpaka ushungi ukamdondoka, akaletewa chai, akanywa. Ndiyo kazi yenyewe. Na machozi ya mama yalikuwa ya kweli. Akiigiza kulia analia kweli, tena akicheka ndiyo analia zaidi. Mimi nilijua. Darasa langu zima lilijua, maana wengi wamekula vitumbua vyake sokoni kwa mkopo.

Ila picha haikukaa darasani.

Ilirudi kwangu kutoka kwa mtu wa Nanganga nisiyemfahamu hata kidogo, na maneno yangu yamefutwa. Sasa ilisema: "Mama huyu ametembea tangu alfajiri. Kisima kimekauka. Kama una moyo, watumie na wenzako." Nikacheka. Ikarudi tena kutoka kundi moja la Masasi: mama ni mjane mwenye watoto saba. Tuko wawili. Baba yangu yuko hai, anatengeneza baiskeli karibu na stendi, na siku kundi la Masasi lilipomfisha alikuwa anakula mihogo huku ananisema kwa kutokuchana nywele. Nikacheka tena, lakini safari hii nilichungulia dirishani kwanza. Iliyofuata ilisema lile koti ni la marehemu mumewe. Hapo nusu ilikuwa kweli, koti lilikuwa la marehemu, na hiyo nusu ndiyo iliyonizuia kucheka.

Nilikuwa situlii. Darasani naangalia mlango. Sokoni naangalia simu za watu. Wateja wa mama walianza kuja na nyuso za kanisani.

"Pole, mama."

"Asante. Ya nini?"

"Tuko pamoja."

"Haya. Vingapi?"

Mwanamke mmoja alimletea dumu la maji, akaliweka miguuni pake na kuondoka bila kununua kitu. Mama akalitazama lile dumu, akanitazama mimi. Kwake simu ni kitochi, inapiga na kupokea basi. Nikamwambia labda yule mama ameokoka.

Zilikuwa siku za kampeni. Mimi kampeni huwa nazipenda kuliko likizo. Shuleni nilikuwa na onyesho langu la saa ya mapumziko, nawaigiza wagombea. Yupo anayekunja mikono ya shati kabla hajasalimia, kama anakuja kuchimba choo. Yupo aliyekula ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, mbele ya kamera pamoja na maganda yake, akatafuna, macho yakamtoka, akasema tamu sana, na watu wakampigia makofi kwa sababu ya yale maganda. Yupo anayebeba watoto. Mtoto analia, yeye anacheka, picha inapigwa, mtoto anarudishwa kwa mama asiye wake. Wenzangu walikuwa wanajiviringisha chini. Niliamini mimi nimewashtukia watu hawa wote. Najua kila wanachofanya na mikono yao. Haikunijia kwamba nimeshawafanyia kazi.

Jumamosi walikuja vijana wawili wa mmoja wao, yule wa kukunja shati. Mmoja alikuwa na kamera shingoni. Mama alikuwa anageuza vitumbua, mimi napanga kwenye sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Vya moto hivi hapa."

"Mama, hatukuja kula. Tumekuja kwa ajili yako. Tumeguswa."

"Mmeguswa na nani?"

Yule wa kamera akatoa simu, akamwonyesha. Ndiyo mara ya kwanza mama aliiona. Akaifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua, akaisogeza mbali kidogo na macho. Aliitazama mpaka vitumbua vikaanza kunuka. Kisha akanigeukia na kuniuliza kitu kwa Kimakua. Mama akihamia Kimakua ujue yameshaharibika. Nikageuza vitumbua.

"Huu ni utani," akawaambia wale vijana. "Hapa namcheka marehemu. Nilikuwa msibani. Na hawa wengine wako wapi? Shangazi yake huyu yuko wapi?"

"Tunaelewa, mama," akasema yule asiye na kamera, mpole kama muuza dawa. "Lakini nikuulize. Maji yapo?"

"Maji? Hayapo."

"Hujawahi kulia kwa sababu ya maji?"

Mama akaepua kitumbua kilichoungua. Halafu akasema, "Nimelia. Nilishuka bondeni na mimba ya huyu, nikapanda na ndoo, ikanidondoka kileleni kabisa. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Siku hiyo hapakuwa na mpiga picha."

"Basi, mama, chukulia hii ndiyo ile."

Mimi nikakipanga kitumbua kimoja mara mbili.

Mama alikataa. Walitaka apande jukwaani siku ya mkutano wao; aliwaambia akamlilie nani, yeye hana msiba. Wakaondoka kwa adabu, na Jumatatu uso wake ulikuwa umebandikwa ukutani stendi, mkubwa kama mlango, na ndoo yake, na chini jina la mgombea. Mama alipita hapo na sinia kichwani. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alisimama. Wakawa wawili, mmoja analia na mmoja kabeba vitumbua, na konda mmoja akawaangalia wote wawili, akavua kofia. Haikuchukua siku nyingi mgombea mwingine naye akaichukua. Huyu alisema machozi haya yameletwa na wapinzani wake. Wa kwanza alisema machozi haya atayafuta yeye. Mama yuleyule, ndoo ileile.

Haya yote mama aliyabeba. Lililomvunja ni ujumbe kutoka Makote. Aliuleta mtu wa bodaboda, akausema kama alivyotumwa, huku anaangalia tairi lake: "Binti wa marehemu anasema, mwambieni mtani wetu tumesikia anamlilia baba yetu barabarani. Baba hakufa ili apigiwe kura. Arobaini asije."

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu wenzangu wa mjini wanaweza kusema, si asiende tu? Asingeenda, basi. Utani ungekufa hapo. Arobaini ndiyo siku ya kumaliza msiba. Mtani anamwigiza marehemu mara ya mwisho, anavua koti, anawarudishia watoto. Mtani aliyezuiliwa siku hiyo hana nyumba tena pale. Hatamcheka mtu wa nyumba ile, na yeye akifa hawatakuja kumcheka. Mama yangu hana mali. Hiyo ndiyo alikuwa nayo.

Usiku ule aliniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Ule mkutano wa wale vijana, una kipaza sauti?"

"Unacho."

"Basi nitaenda. Nitasimama niseme mbele ya watu wote: huu ni utani. Makote watasikia."

Mkutano ulikuwa uwanjani, hapohapo Newala. Asubuhi yake bomba la mtaani kwetu lilitoa maji mpaka watu wakaishiwa vyombo. Mchana uwanja ulijaa. Mama alivaa gauni lake la kwaya, wakamwomba avae koti la kufanana na lile la pichani, akakataa, wakamwomba basi ashike ndoo tu. Akashika ndoo. Nilijipenyeza mpaka mbele, na pembeni yangu nikamkuta shangazi. Ndiyo huyohuyo, wa ubwabwa, niliyemkata.

Mgombea akakunja mikono ya shati. Akashuka kwenye kiti, akamwendea mama, akatoa leso nyeupe na kumfuta mashavu. Mashavu yalikuwa makavu kabisa. Niliyaona, nilikuwa karibu kuliko kamera. Alifuta shavu kavu la kulia, akafuta la kushoto, taratibu, na uwanja ukatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata goli linapofungwa. Wanawake wakaanza kulia. Wengine walitoka Makote. Walikuwepo msibani, walimwona mama juu ya mfuniko, na sasa walikuwa wanalia. Nikageuka, na shangazi naye analia.

"Shangazi! Wewe si ulikuwepo? Si ulicheka?"

"Nilicheka, mwanangu. Niache nilie."

Nilikuwa na mzaha mdomoni, nikaumeza.

Mgombea akamsogezea mama kipaza sauti. "Mama, sema. Waambie."

Hapa ndipo nilipomsubiri. Mama yangu hakuna mtu wa kumnyamazisha nyanda hizi zote. Leso ile tu, angekuwa ni mtani wake, angemwambia ajifute kwanza pua, angemshika ile mikono ya shati aikunjue, uwanja ungelala chini kwa kucheka. Lakini yule hakuwa mtani wake. Hamjui ukoo wake. Kumcheka asiye mtani wako ni tusi, na mama hatukani watu. Akabaki amesimama na ndoo. Alifungua mdomo. Mbele kabisa alikuwepo mwanamke kijana, mtoto mgongoni na dumu kichwani, sijui alikuwa anatoka nalo bombani au anaenda, anamtazama mama bila kupepesa.

Mama akasema, "Maji hakuna."

Basi. Uwanja ukalipuka. Kipaza sauti kikachukuliwa, muziki ukapigwa, mgombea akamkumbatia na ndoo yake.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa natembea mbele, nyuma, pembeni, siwezi kukaa sehemu moja.

"Mama, mbona hukusema? Ulisema utasema ni utani."

"Umemwona yule mwenye dumu?"

"Nimemwona."

"Nimwambie nachezacheza?"

Kesho yake bomba likakohoa hewa.

Siku ya arobaini ilipofika mama aliamka, akapika vitumbua sinia zima, akaniambia, "Vaa shati la heshima. Tunaenda."

"Si walisema usiende?"

"Nimesikia walivyosema. Wakinifukuza, wanifukuze wananiona. Na wewe utapiga magoti."

Njia nzima ya Makote nilikuwa natunga namna ya kuomba msamaha. Kila nikipata sentensi nzuri inatoka na kichekesho mkiani, nailaani, naanza upya. Tulipofika uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa, wanaume upande wa mkekani na kitabu chao, wanawake upande wa jikoni. Hakuna aliyemjibu mama hodi. Binti mkubwa wa marehemu alikuwa mlangoni. Akatuangalia, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mama hakurudi nyuma. Alisimama na sinia kichwani, katikati ya uwanja. Nikaanza kupiga magoti. Goti moja lilikuwa tayari chini.

Mlango ukafunguliwa. Binti wa marehemu akatoka amejifunga kitenge kifuani namna mama anavyojifunga sokoni, unga umemganda mikononi, na ndoo kashika. Akapita mbele yetu kama hatupo. Akaenda mpaka kwenye kisima, akakaa juu ya mfuniko, akaikumbatia ile ndoo na kufungua mdomo:

"Maji hakunaaa! Jamani maji hakuna! Pigeni picha basi, si mnaona nalia? Huyo mwanangu na simu yuko wapi? Mimi mjane! Mume wangu yuko stendi anaziba pancha lakini mimi mjane!"

Ilikuwa sauti ya mama, kabisa, mpaka kale kamwinuko ka mwisho. Nyuma yake akatoka mjukuu wa marehemu, mdogo kidogo kuliko mimi, kavaa shati la baba yake limekunjwa mpaka kwapani, kashika dekio la sakafuni. Akaanza kumfuta bibie uso. Anafuta, anakamua dekio kwenye ndoo, anafuta tena. "Pole, mama. Tumeguswa, mama. Geuza shavu, mama, kamera iko huku."

Watu walikuwa hawajacheka. Wote walikuwa wanamtazama mama. Najua sasa walichokuwa wanasubiri: akikasirika, amekwisha. Mtani hakasiriki.

Mama akalitua sinia. Akaweka mikono kiunoni.

"Mheshimiwa," akasema, "mfute na pua. Huyo kamasi zake nazijua tangu mdogo."

Kilichotokea siwezi kukiandika vizuri. Kicheko kilianzia jikoni, kikaruka mpaka mkekani, mpaka shehe akaficha uso nyuma ya kitabu. Binti wa marehemu akaiangusha ndoo, akaja mbio, wakakamatana na mama, na sikuweza kujua nani anacheka na nani analia, na nilikuwa hatua chache tu. Mtu akaleta lile koti. Mama akalivaa. "Nani kala vitumbua bila kuniambia vya mwaka jana alivifanyia nini?" Ikawa kelele tupu.

Na mimi, goti moja bado liko chini, nikaona jua linavyowapiga upande mmoja, dekio, koti, ile mikono imeshikana. Ilikuwa picha. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Nilijiambia safari hii sitakata mtu, nitawaweka wote, hata shehe. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mfukoni.

Mama aliuona kupitia katikati ya watu wote wale. Alikuja akiwa bado na koti la marehemu, machozi hayajakauka, akanishika kwenye kiwiko akanipeleka mpaka jikoni, kwenye rundo la masufuria, akainama karibu na sikio langu akasema: "Mimi nikifa nataka nichekwe na wanaonijua. Na wewe siku hiyo utaosha vyombo, vyote, nataka mikono yako iwe na povu mpaka mtu wa mwisho aondoke. Anza kujifunza leo."